Wati za kubandika

Hivi nani amewapa wauzaji wa vifaa vya umeme wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ruhusa ya kubandika wati wanazotaka? Paneli ya sola ya kukunja, ukiikunjua yote ni ukubwa wa karatasi ya A4, imeandikwa wati 100! Jua kali la saa sita mchana huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri hunasa kama sehemu ya tano tu. Kwa ukubwa huo, ukipata wati 12 ushukuru. Ukiuliza, unaambiwa, "Bosi, hii ni orijino." Orijino ya nini?

Pawa benki ndizo zinanitia wazimu. Kitu cha kutoshea kiganjani, eti 50,000 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Seli moja ya 18650, zile betri ndogo za mviringo zinazowekwa ndani ya pawa benki, ikiwa bora hubeba karibu 3,500. Piga hesabu uone zinahitajika ngapi, kisha uniambie zimejificha wapi humo ndani. Mtu anayeendesha baiskeli kwenda Magadi au Marsabit anapanga safari yake kwa namba hizo. Uongo anaugundua huko mbele, simu yenye ramani imezima.

Na ushauri wao sasa: chomeka simu moja kwa moja kwenye paneli. Wingu likipita tu, chaji inakatika. Paneli ijaze pawa benki mchana, nayo ijaze simu usiku, basi.

Lakini ukitoa kidude cha kupima volti na ampea ujaribu paneli hapo nje juani, unafukuzwa. Eti unaharibu mali ya watu.