Kabla ya mitego, tufunge ndoo za taka

Habari inasema baadhi ya wakazi wa vitongoji vya Chicago wanataka koyote, wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, wategewe mitego. Naishi huku mwaka wa tisa na hofu yao naielewa. Paka wa jirani yangu alichukuliwa na koyote alfajiri, mtoto wa jirani huyo akalia wiki nzima. Lakini ukimwondoa koyote mmoja, eneo lake linabaki wazi na mwingine anahamia.

Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia koyote wa Cook County (wilaya lilipo jiji la Chicago) kwa kola za redio, yaani mikanda ya shingoni inayotuma mawimbi, tangu mwaka 2000. Wamekuta wanaishi hata katikati ya jiji, na wanakula sana panya na sungura. Vifo vya watu vinavyojulikana kusababishwa na koyote Amerika Kaskazini nzima ni viwili, California 1981 na Nova Scotia 2009. Wa kuogopa zaidi ni yule aliyezoea kulishwa, maana hamwogopi tena binadamu. Basi bakuli la mbwa liingie ndani kabla ya giza, ndoo ya taka ifungwe, na mbegu za ndege zilizomwagika zifagiliwe (zinaleta panya, na panya wanamleta yeye).

Ukikutana na koyote usikimbie wala usimpe mgongo. Inua mikono, piga kelele, rudi kinyumenyume. Mbwa mdogo mbebe. Ila majira ya kuchipua, akikufuata kwa mbali bila kuondoka, huenda ana watoto karibu: badilisha njia, mwache. Wazazi wenzangu, nawaomba muwafundishe watoto haya kabla hawajaanza kwenda wenyewe kusubiri basi la shule.