Keki Kumi na Mbili Ndani ya Kar

Waliokuja kunipokea katika uwanja wa ndege wa Winnipeg, Kanada, walimkumbatia mtu mwingine. Walikuwa wameshika bango lenye jina langu, wakiwa wameambiwa wamsubiri msichana kutoka Aisilandi, na nyuma yangu alitokea binti mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu, ambaye walimvamia kwa mikono miwili kabla hajapata nafasi ya kueleza kwamba yeye anatoka jimbo jirani la Saskatchewan na amekuja kwenye harusi. Mimi nilisimama pembeni na begi langu, nikasubiri wamalize, kisha nikawaamkia kwa Kiaisilandi. Bibi mwenye nyumba alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akacheka mpaka akashika mbavu, akanikumbatia kwa nguvu zaidi kuliko alivyomkumbatia yule wa harusi, na kuanzia siku hiyo nikamwita amma kama wajukuu zake walivyomwita. Mumewe aliitwa afi. Amma ni bibi na afi ni babu, na katika mji wa Gimli maneno hayo mawili yanatumiwa hata na watu ambao neno la tatu la Kiaisilandi hawalijui.

Nieleze kidogo jinsi mzaliwa wa Tanga alivyofika huko kwa jina la Aisilandi. Nilipokuwa na miaka 9 mama yangu aliolewa na mvuvi wa visiwa vya Vestmannaeyjar, tukahamia kwake, na Kiaisilandi kikawa lugha yangu ya shule, ya ugomvi na ya kazi za likizo katika kiwanda cha samaki. Nilipofika chuo kikuu niliomba nafasi ya utarajali wa urithi, yaani ile mipango inayowapeleka vijana wa Aisilandi kwa watu wenye asili ya huko waliozaliwa ng'ambo, na kuwaleta vijana wa ng'ambo waone walikotoka babu zao. Mpango unaojulikana zaidi wa aina hiyo ulianza mwaka 1999, na ulipewa jina la Snorri, mtoto ambaye masimulizi ya kale yanasema ndiye Mzungu wa kwanza kuzaliwa Amerika. Wangu ulikuwa mpango mwingine, mdogo, na sitautaja kwa sababu waliouendesha hawakuhusika hata kidogo na yaliyotokea bafuni.

Gimli ni mji mdogo ulioko ukingoni mwa Ziwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba. Waaisilandi wa kwanza walishuka karibu na hapo, mahali paitwapo Willow Point, tarehe 21 Oktoba 1875, majira ambayo mtu mwenye akili timamu hafungui makazi mapya Manitoba. Machi ya mwaka huo huo volkano ya Askja ilikuwa imelipuka kwao na kumwaga majivu juu ya malisho ya mashariki ya nchi, kwa hiyo wengine wengi waliwafuata mwaka 1876, na ndui nayo ikafuata pamoja nao ikaua zaidi ya watu 100. Waliosalia waling'ang'ania ziwa lao, samaki wao, vitabu vyao na lugha yao. Kazi yangu kwa miezi miwili ilikuwa kuwarekodi wazee wakizungumza lugha hiyo, kupanga picha za zamani, na kuwafundisha watoto Kiaisilandi, na nakiri kwamba nilikwenda nikijiona mwalimu.

Jioni ya kwanza afi aliniuliza swali ambalo kila Mwaisilandi wa umri wake huuliza, "Hverra manna ert þú?", na mtu aliyekulia Tanga hahitaji kutafsiriwa, kwa maana ni lile lile letu la "Wewe mtoto wa nani?" Nilimtajia ukoo wa baba yangu wa kambo. Afi alivaa miwani, akashusha kitabu kinene cha nasaba kutoka juu ya kabati, akafukua kwa muda wa nusu saa huku akinywa kahawa kwa kung'ata kipande cha sukari, hatimaye akatangaza kwamba yeye na baba yangu wanakutana kwa mwanamume mmoja wa karne ya 18, na kwa hiyo mimi ni frænka yake, yaani ndugu yake wa kike. Nilimkumbusha kwamba yule ni baba wa kambo. Afi alifunga kitabu akasema kitabu hakina ukurasa wa kambo.

Sasa nije kwenye keki. Wanayo keki moja waipendayo kupita kiasi, iitwayo vínarterta, ambayo jina lake linataja Vienna ingawa roho yake iko Gimli. Ni tabaka saba nyembamba za unga zilizookwa moja moja, na katikati ya kila tabaka hupakwa rojo la plamu kavu lililopikwa na kutiwa iliki, kisha keki hufungwa na kulazwa mahali pa baridi mpaka ilainike na kushikana. Kwa habari ya iliki nilipata heshima ya haraka, kwa kuwa mama alinipa mfuko wa iliki ya nyumbani, na amma alipoinusa alikaa kitini. Heshima hiyo niliipoteza wiki hiyo hiyo niliposema mbele ya wanawake sita kwamba sisi Aisilandi keki hiyo twaiita randalín, na kwamba wengi wetu tunapaka jemu ya rubabu, mmea wenye mabua machachu, badala ya plamu. Chumba kilinyamaza kama msiba umeingia. Mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba labda kule tumesahau. Kuhusu kama keki hiyo ipakwe sukari juu au isipakwe sitasema neno, maana ninazo familia rafiki pande zote mbili na ninapenda kurudi.

Kila mwaka, mwishoni mwa juma la kwanza la Agosti, Gimli hufanya sikukuu ya Waaisilandi, Íslendingadagurinn, ambayo ilianza mjini Winnipeg mwaka 1890 na kuhamia Gimli mwaka 1932. Amma alikuwa ameahidi keki 12 kwa ajili ya meza ya kahawa. Tulioka tangu katikati ya Julai, tabaka 84 kwa hesabu yangu, na kila keki tuliifunga kwa foili, kisha kwa plastiki, kisha kwa foili tena, tukazilaza katika chumba cha chini ya nyumba. Nasisitiza hapo kwenye plastiki, kwa sababu ndiyo iliyookoa jina langu.

Asubuhi ya sikukuu amma alikuwa chumbani akihangaika na vazi la kitaifa, lile lenye kizibao cheusi, vifungo vya fedha na kofia ndogo yenye kishungi kirefu kinachodondokea begani, na mtu akiwa katikati ya vifungo vile hapendi kuulizwa maswali. Aliniita kupitia mlangoni akasema, kwa Kiaisilandi kisicho na doa, nizichukue keki zote nizitie ndani ya kar.

Neno kar nalijua vizuri sana. Katika Kiaisilandi nilichokulia, kar ni hodhi. Kiwandani kwetu kar ni lile hodhi kubwa la plastiki ambamo samaki hulazwa na barafu, na nyumbani baðkar ni hodhi la kuogea. Kwa kuwa nyumba ya amma haikuwa na hodhi la samaki, nilibaki na moja tu la kulifikiria. Msomaji atasema ningejiuliza. Nilijiuliza, na nikajijibu, kwa maana wiki iliyotangulia, ukoo ulipokuja kula, nilimwona afi kwa macho yangu akimwaga barafu ndani ya hodhi la kuogea na kulaza humo soda na bia za wageni. Siku ile joto lilikuwa kali, bafu lile lilikuwa upande wa kivuli, na mimi nikaona kwamba amma ni mwanamke mwenye hekima. Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga keki tatu tatu, mafungu manne, kama fundi anayepanga matofali, nikazifunika kwa kitambaa kingine na kuvuta pazia la bafu. Nilitafuta barafu nikaikosa, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa niaba ya afi.

"Umezitia?" amma aliniuliza alipotoka.

"Nimezitia zote, amma."

Tuliingia garini tukaenda ukumbini, ambako wanawake wenzake walikuwa wamejipanga na visu mikononi. Amma alifungua buti. Ndani mlikuwa na tairi la akiba, jozi ya viatu vya mpira na wavu wa afi.

"Keki ziko wapi?" aliuliza.

"Ziko ndani ya kar," nilimjibu.

"Hii ndiyo kar!" alisema, na akalipiga gari kofi.

Nikalitazama gari, nikamtazama amma, nikalitazama gari tena. Baba zake na mababu zake waliondoka Aisilandi katika miaka ya 1870, na gari la kwanza lilifika Aisilandi mwaka 1904, kwa hiyo walipoondoka hawakuwa na sababu ya kubeba jina la kitu ambacho hawajakiona. Sisi tuliobaki, kama naweza kusema sisi, tukaja kuliita bíll. Wao waliliona Kanada, wakasikia Waingereza wanaliitaje, wakalitwaa jina hilo wakalivisha sarufi ya Kiaisilandi likapendeza. Hayo yote nilifundishwa chuoni katika somo la lahaja, na siku ya mtihani niliyaeleza vizuri.

"Sasa wewe umezitia wapi?" aliuliza amma kwa sauti ya chini.

Nilipomweleza, hakuniuliza la pili. Aliendesha kurudi nyumbani kwa mwendo ambao kishungi cha kofia yake kilikuwa kimelala hewani, na njiani alisema sentensi moja tu, kwamba afi alikuwa amebaki nyumbani aoge.

Tulisikia wimbo wa kanisani tangu ukumbi wa mbele, pamoja na maji. Amma aligonga mlango wa bafu, akapiga kelele, akagonga kwa kiatu. Afi alikuwa amevua vifaa vyake vya masikio na miwani yake, kama afanyavyo kila mtu anayeoga, na mlango alikuwa ameufunga kwa ndani. Tulilazimika kungoja beti tatu zilizosalia. Maji yalipokatika na mlango ukafunguliwa, afi alitokea amejifunga taulo, uso unang'aa, akamshika amma mkono na kumshukuru mbele yangu. Ilikuwa hivi: majira ya baridi aliteleza ndani ya hodhi lile, daktari akamwagiza apate kigoda cha kuogea akiwa amekaa, na amma alikuwa akiahidi kukinunua tangu Februari. Alisema kigoda hiki kilikuwa chini kidogo kuliko alivyotarajia, lakini kinabonyea kwa namna ya kupendeza, na akauliza kimenunuliwa kwa kiasi gani.

Amma alimweleza sikioni, kwa sauti iliyosikika hadi kwa majirani. Afi alifikiri kwa muda mrefu. Kisha alisema kwamba ndiyo maana alikuwa akisikia harufu ya iliki, akadhani ni sabuni mpya.

Tulizikagua keki juu ya meza ya jikoni kama madaktari. Mafungu matatu hayakuguswa na chochote ila maji ya nje, na plastiki ilikuwa kavu kwa ndani, kwa hiyo tulivua foili ya juu, tukazipangusa na kuzifunga upya. Fungu la nne lilikuwa na umbo ambalo sitalieleza. Amma aliamua kwamba hizo tatu hazitavuka kizingiti cha nyumba hata kama mfalme angekuja kuziomba, na kwa wiki zote zilizobaki tulizila sisi wenyewe. Ladha haikuwa na kasoro, ila zilihitaji kisu kikali. Ukumbini tulifika na keki tisa. Walipouliza tatu zilizosalia, amma alijibu kwamba afi amezikalia, na wote wakacheka wakidhani ni msemo.

Usiku ule nilimpigia simu bibi yangu Tanga, nikamsimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi hakucheka kwanza. Aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, wewe umelelewa nyumba hii, babu yako alikuwa akisema motokaa asubuhi na jioni, moto-kaa, na huko wanakuambia kar usielewe?" Nilikaa kimya, kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Kisha akauliza kwa wasiwasi kama yule mzee, kwa umri wake, hakuumia alipokaa.

"Hakuumia, bibi," nikamwambia. "Chini yake palikuwa na tabaka 21."