Kuwapeleka walimu wa historia Kilwa na Songea: safari ya posho au kazi?

Kila ikitajwa habari ya kuwafanyia walimu wa historia mafunzo kwenye magofu ya Kilwa, Bagamoyo, makumbusho ya Songea au kule kwenye nyaraka za taifa, jibu la kwanza unalosikia ni kwamba hiyo ni safari ya posho. Na wanaosema hivyo wengi ni walimu wenyewe, watu walioshakaa semina za kutosha za chai, bango, picha ya pamoja na cheti, halafu Jumatatu wakarudi darasani wakaandika notisi zilezile ubaoni. Siwalaumu. Ila nadhani lawama inaenda kwa kitu kisichohusika, manake semina ya hotelini ya kusomewa slaidi na siku ya kukaa na barua ya mwaka 1905 mkononi ukijaribu kujua aliyeiandika alikuwa anaogopa nini, hivyo ni vitu viwili ambavyo havifanani hata kidogo.

Kwa nini hili lina uzito sasa hivi? Mwishoni mwa 2020 Rais Magufuli aliagiza historia ya nchi yetu isomwe na kila mtoto, leo kwenye mtaala ulioboreshwa ulioanza kuingia madarasani 2024 tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili na ni la lazima. Somo limekuja, vitabu vinakuja, na mwalimu anaambiwa MEWAKA itamwezesha, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayofanyika shuleni kwake na kwenye vituo vya walimu. Sawa kabisa, lakini wakikaa walimu wa historia kwenye kikao chao cha MEWAKA wanajadili nini? Mara nyingi ni mbinu za kufundishia, makundi, maswali na majibu, zana. Historia yenyewe, yaani tunajuaje tunachokijua, hiyo inarukwa.

Nichukue Majimaji, vita ya kuwapinga wakoloni wa Kijerumani, kwa sababu kila mtu kaisoma. Mtoto anatoka shule anajua ni 1905 mpaka 1907, sababu ni kodi, pamba na kazi za shuruti, mganga Kinjikitile na maji yake, wakashindwa kwa silaha duni na dawa isiyofanya kazi. Waliokufa? Kitabu kimoja kinasema 75,000, kingine kinasema laki mbili na nusu mpaka laki tatu, na mwalimu anachagua mojawapo, basi. Sasa ngoja tukae hapa kidogo. Hiyo 75,000 ni ya upande wa Wajerumani. Ile ya 250,000 mpaka 300,000 ni makadirio ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu aliyekusanya habari kwa wazee wa huko kusini, na yeye alihesabu na njaa iliyofuata baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Tofauti ni watu 175,000 au zaidi! Hiyo huwezi kuiita kosa la uchapaji. Yaani swali lote liko hapo, aliyekufa kwa njaa 1907 kijijini kwake ambako hakuna risasi iliyopigwa siku hiyo, ameuawa na vita au hakuuawa na vita?

Halafu tazama hesabu ya upande wa pili. Wajerumani waliandika wamepoteza Wazungu 15, askari Waafrika 73 na wasaidizi wao 316. Kumi na tano, siyo "kama kumi na tano". Wao wanahesabiwa mmoja mmoja, wenzetu wanahesabiwa kwa maelfu yaliyokatwa sawasawa mwishoni. Mtoto wa Form Two akiwekewa namba hizo mbili pembeni pembeni akaulizwa kwa nini moja ina tarakimu kamili na nyingine ina masifuri, anaanza kuelewa utawala wa kikoloni ulikuwa kitu gani kuliko hoja sita za kukariri. Lakini ili amuulize hivyo, mwalimu lazima awe ameshaulizwa na mtu yeye kwanza, na chuoni wengi hawakuulizwa.

Na hapa ndipo mahali penyewe panapofanya kazi. Pale Songea kwenye makumbusho ya Majimaji kuna kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa Februari 1906, na kumbukumbu inafanyika kila tarehe 27 ya mwezi huo. Wapo wazao wa Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, ambao mpaka leo wanadai kichwa cha babu yao kinachoaminika kupelekwa Ujerumani, na Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda palepale akaomba msamaha. Mwalimu aliyesimama pale, akasoma ripoti ya mkoloni, akasikiliza familia, akasoma na utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ambaye naye aliiona vita ile kwa macho ya mtu wa pwani, ana sauti tatu au nne zinazopishana juu ya jambo moja. Akirudi darasani hawezi tena kufundisha kama anasoma tangazo.

Lakini wapinzani wana hoja moja ambayo naiheshimu sana na watetezi huwa wanaipita haraka: mahali pa kihistoria pia panadanganya. Nenda Mkunazini Zanzibar, kanisa la Anglikana lililojengwa lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Wageni wanaonyeshwa vyumba vya chini wanaambiwa watumwa walifungiwa humo, na wapo wanahistoria wanaobisha kwamba vyumba hivyo vilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwepo kweli, mateso yalikuwepo kweli, kinachobishaniwa ni vyumba. Bagamoyo nayo watu wengi wanaijua kwa habari ya watumwa tu, wakati karne ya 19 ule mji ulijaa pia wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira na waliojua kudai ujira wao. Sasa ukimpeleka mwalimu akamsikiliza mwongoza wageni saa moja akapiga picha akarudi, umemwongezea uhakika bila kumwongezea ujuzi, na hapo ni bora angebaki nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka mafunzo, manake wanafunzi wanapelekwa huko kwenye study tour kila mwaka hata bila mafunzo, na mwalimu wao ndiye mtu pekee anayeweza kumuuliza mwongoza wageni swali la pili.

Kilwa ni darasa zuri zaidi la jambo hili. Habari za wafalme wake zipo kwenye tarikh ya Kiarabu, yaani maandishi ya habari za kale, ambayo nakala yake ilitoka Zanzibar karne ya 19 kupitia balozi Kirk wa Uingereza na sasa iko London, na zipo tena kwa Kireno kwa mwanahistoria João de Barros, karne ya 16, na hizo mbili hazikubaliani kwenye mambo kadhaa. Zote zinaanza na mfalme aliyetoka Shirazi, Uajemi. Kisha unakwenda kwenye magofu, unaambiwa walichochimbua waakiolojia, nyumba za udongo na vyungu vya watu wa palepale vilivyotangulia majumba ya mawe kwa muda mrefu, na msafiri Ibn Battuta anakuja 1331 anasema wakazi wengi ni weusi. Kwa hiyo nani aliijenga Kilwa? Mwalimu aliyefanya zoezi hili kwa siku mbili hahitaji tena mtu wa kumwambia "fikra tunduizi", yaani kuchambua kabla ya kuamini, ni nini.

Sasa hela. Nchi ina shule za sekondari maelfu, huwezi kumleta mwalimu wa Kibondo mpaka Kilwa, na madarasa ya watoto 80 yanahitaji madawati kabla ya hayo yote. Hii nakubali nusu. Nusu ninayoikataa ni dhana kwamba historia iko Kilwa tu. Kigoma kuna Ujiji, Tabora kuna Kwihara, Iringa kuna Kalenga kwa Mkwawa na Isimila kwa zana za mawe, Kondoa kuna michoro ya Kolo, na wilaya nyingi kuna parokia ya zamani yenye daftari za ubatizo. Rekodi za Wajerumani zilizoko kwenye nyaraka zetu za taifa zimeingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia tangu 1997, na mwalimu wa kawaida hajawahi kuona hata nakala ya ukurasa mmoja, wakati kuchapa kurasa ishirini zenye tafsiri ya Kiswahili na kuzituma vituo vya walimu ni gharama ndogo kuliko semina moja ya hotelini.

Halafu kuna wazee. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioiona Majimaji, na mengi tunayoyajua leo yalipona hapo, manake mtoto wa miaka 10 mwaka 1905 alikuwa na miaka 73 wakati huo. Piga hesabu hiyohiyo kwa waliohamishwa na Operesheni Vijiji 1974. Aliyekuwa na miaka 20 sasa ana sabini na kitu. Kila kijiji kinao, hakuna nauli ya Kilwa hapo, kinachotakiwa ni simu ya kurekodia na mwalimu aliyefundishwa kuhoji bila kumwekea mzee maneno mdomoni, kisha kulinganisha na alichosema jirani yake.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mtihani. Mwalimu anapimwa kwa matokeo ya NECTA na swali bado ni "eleza sababu sita", kwa hiyo ukimpa mafunzo haya yote akarudi shule, mkuu wa shule atamuuliza silabasi imefika wapi, naye atarudia notisi na hatakuwa na kosa. Watoto wa shule za kimataifa palepale Dar wanaofanya Cambridge wanapewa vipande vya nyaraka kwenye pepa wanaulizwa kipi cha kuaminika na kwa nini. Wetu hawapewi. Swali moja tu la namna hiyo kwenye pepa ya Form Four, hata la alama kumi, hata kwa kutumia hizo namba mbili za Majimaji, lingewafanya walimu wenyewe wayadai haya mafunzo kabla ya kuitwa, na wengi wangekuja bila kuuliza posho ni shilingi ngapi.