Mtoto Amekuja Fildi, Mfundisheni Kazi

Jumapili iliyopita nilikaa na mtoto wa kaka yangu tukapitia logibuku yake ya fildi. Anasoma stashahada ya uhasibu, na chuo kilimtaka akae ofisini wiki nane ajifunze kazi kwa vitendo. Kila siku kuna mistari ya kujaza: umefanya nini, umejifunza nini, umekutana na changamoto gani. Wiki ya kwanza kaandika "kusaidia kupanga mafaili". Ya pili, "kutoa fotokopi na kupeleka barua masijala". Ya tatu, ya nne na ya tano ni yale yale. Wiki ya sita ipo siku moja "kupokea wageni". Ukurasa wa mwisho una muhuri wa bluu, sahihi ya msimamizi na maoni yake: mwanafunzi ana nidhamu na anajituma.

Nikamuuliza kama alifanya usuluhishi wa benki, ile kazi ya kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki. "Hapana, Shangazi. Nilikuwa naona wanafanya." Vocha ya malipo, aliandaa hata moja? Hapana. Ritani ya VAT, taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani? Alisikia ikitajwa tarehe ishirini ilipokaribia, ofisi nzima ikawa mbiombio, na siku hiyo yeye alitumwa maji ya kunywa.

Nimekasirika tangu siku hiyo na hasira haijaisha. Ofisi yenyewe siitaji, na kuitaja kusingesaidia, kwa sababu nimefanya kazi za uhasibu hapa Dar kwa muda wa kutosha kujua kwamba ofisi za namna hiyo ni nyingi. Zinapokea barua ya utambulisho, zinampa mtoto kiti karibu na mashine ya fotokopi, zinagonga muhuri, zinamuaga. Halafu miaka miwili baadaye mtoto huyo huyo anakuja kwenye usaili, na wakubwa wa ofisi hizo hizo wanatikisa vichwa: vijana wa siku hizi wanamaliza vyuo hawajui kitu.

Nani alitakiwa kuwafundisha?

Kuna mambo darasa linaweza kufundisha na linayafundisha vizuri. Mtoto yule anajua kanuni za uhasibu. Nilimuuliza maswali mawili matatu akajibu bila kusita. Asichokijua ni kazi. Hajui unafanya nini pale kitabu cha fedha kinaposema hivi na taarifa ya benki inasema vingine, mwezi unafungwa kesho, na mgavi anaapa kwamba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alishaileta. Hajui namna ya kumwambia bosi kwamba vocha haina viambatisho kwa hiyo hailipwi, ukamwambia kwa heshima na bado ukasimama hapo hapo. Hayo hayafundishiki ubaoni. Unayapata ukiwa umekaa mezani na mtu anayeyafanya, akakuachia kipande ufanye mwenyewe, ukakosea, akakurudishia. Wiki nane za fildi ziliwekwa kwa ajili hiyo tu.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Kila mwezi, kabla ya tarehe saba, mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi anapeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, pamoja na PAYE, kodi ya mishahara. SDL haikatwi kwenye mshahara wa mtu. Mwajiri anaitoa mwenyewe, kwa hesabu ya jumla ya mishahara anayolipa. Iliwahi kuwa asilimia 6. Mwaka 2013 ikashuka kuwa 5, ikaendelea kupungua, na mwaka 2023 ikatoka 4 ikawa 3.5. Ikikaribia bajeti waajiri hulalamika kwamba ni mzigo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeandaa malipo hayo, nakubali kwamba ni mzigo. Kampuni ndogo inayopambana kulipa mishahara kwa wakati inaisikia.

Ila tozo hiyo imezaa tabia mbaya sana kwenye maofisi yetu. Tumeigeuza kuwa risiti ya kujitoa. "Sisi tunalipa SDL, kufundisha ni kazi ya VETA." Nimeyasikia maneno haya yakisemwa na watu wazima, wasomi, kwenye kikao, bila kigugumizi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ina kazi yake: itamfundisha kijana kuchomelea, kushona, kufunga umeme wa nyumba. Haiwezi kuwa ofisi yako. Haiwezi kuwa karakana yako yenye mashine yako, wateja wako na haraka zako za saa kumi jioni. Unaweza kulipa tozo mwaka mzima bila kuchelewa hata siku moja na kijana aliyekaa miezi miwili chini ya paa lako akaondoka mtupu. Mtoto wa kaka yangu ananiambia kati ya karatasi alizozitolea kopi zilikuwamo za SDL. Alizishika mkononi, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba fedha ile inatozwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Nenda Keko ukaone. Kwa mafundi wa fenicha pale, kijana anaingia hajui randa wala msasa. Siku za mwanzo anafagia maranda na kubeba mbao, hilo ni kweli. Muda si mrefu ameshika msasa. Baadaye anapiga vanishi, anakata, anaunga mguu wa kiti, na fundi anamkaripia mbele ya mteja kiungo kikilegea. Baada ya miaka kadhaa ukimuuliza yule kijana anajua nini, hakuonyeshi karatasi, anakuonyesha kitanda. Fundi yule wa Keko halipi SDL. Hana hata wafanyakazi kumi. Hakuandikiwa barua na chuo chochote. Anafundisha kwa sababu bila saidia fundi anayejua kazi, oda haitatoka kwa wakati.

Sisemi Keko ni peponi. Saidia fundi wengi hulipwa kidogo au hawalipwi, vumbi wanalivuta bila barakoa, na akitaka kwenda kuomba kazi kiwandani hana cheti, mpaka asikie kwamba kuna utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi alioupata mtaani akapimwe. Hayo yote yanahitaji kurekebishwa. Bado swali langu liko pale pale: inakuwaje asiyelipa tozo ya ujuzi ndiye anayefundisha, na anayeilipa ndiye anayemweka mtoto kwenye fotokopi?

Zamani hata wakubwa walijua hili. Reli ilikuwa na chuo chake Tabora, kipo mpaka leo. Bandari ina chuo chake. Mashirika yale yalielewa kwamba hakuna shule itakayokuletea mtu anayeijua injini yako au gati lako. Lazima umpike mwenyewe. Sitaki kuyasifia mashirika ya umma kupita kiasi, mengi yalikufa kwa uzembe wao wenyewe. Katika hili lakini walituzidi.

Machi 2025 TRA ilipofanya usaili, watu 135,027 walikuwa wameomba nafasi 1,596. Picha za vijana kwenye mistari zilisambaa kila kona, na maoni yakafuata: vijana wanapenda ajira za serikali, vijana hawataki kujiajiri, vijana wanataka kiyoyozi. Yaliniumiza yale maoni. Hebu fikirieni kwa upande wao. Nafasi nyingi za ngazi ya kuanzia serikalini hazikuulizi uzoefu. Zinakuuliza cheti, halafu zinakupa mtihani. Huku kwetu sekta binafsi tangazo la mhasibu msaidizi linataka uzoefu wa miaka mitatu. La mtu wa mapokezi, miwili. Kijana aliyemaliza mwaka jana ataupata wapi? Fildi aliyokuja kwetu hatuihesabu kuwa uzoefu, na kwa kweli tunajua kwa nini hatuihesabu: tunajua tulichomfanyisha. Kwa hiyo anakwenda mlango pekee usiomuuliza kitu asichoweza kuwa nacho, na pale mlangoni anawakuta wenzake laki moja na ushee. Hawakukosea kwenda.

Halafu kuna hili la kujitolea. Kijana ana shahada, anakuja kila siku saa mbili asubuhi, anafanya kazi ya mtu mzima, na anaitwa anajitolea, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, nauli kutoka Mbagala anaitoa mama yake anayeuza vitumbua. Huo si uzoefu. Ni kazi ya bure, na anayeweza kuimudu ni mtoto ambaye kwao wana uwezo. Wa mama wa vitumbua atakata tamaa mapema na nafasi itachukuliwa na mwingine. Lipeni nauli na chakula cha mchana angalau. Ofisi inayoshindwa hata hilo isimwite mtu.

Najua majibu ya wenzangu kwa sababu huwa wananipa tukibishana. Kwamba wana kazi nyingi. Ni kweli. Kwamba wanafunzi wengine wanakuja kucheza na simu. Wapo, nimewaona. Kwamba msimamizi wa chuo anapita mara moja, anaweka sahihi na kuondoka, kwa hiyo vyuo navyo havijali. Sawa, vyuo viulizwe. Na kwamba kwenye uhasibu kuna siri, huwezi kumwonyesha mwanafunzi mishahara ya watu.

Hilo la siri ndilo la maana kidogo, na lina dawa. Chukua miezi mitatu ya mwaka jana iliyokwisha kufungwa na kukaguliwa, ondoa mafaili ya mishahara, mpe mwanafunzi kitabu cha fedha, taarifa za benki na vocha, mwambie afanye usuluhishi upya tangu mwanzo. Akimaliza mnalinganisha na ule uliofanyika. Hakuna kilichoharibika, hakuna siri iliyotoka, na akikosea haimgharimu mtu. Hapa ofisini kwetu tunafanya hivyo. Mwanafunzi wa kwanza niliyempa zoezi hilo alikuta malipo ya mgavi mmoja yameandikwa kwenye mwezi usio wake, kosa ambalo sisi wote tulilipita. Wiki ya tatu anaingia kwenye vocha za sasa, mtu amemkalia pembeni. Wiki ya tano anaandaa ritani ya VAT ambayo mimi naipitia kabla ya kuwasilishwa. Inanichukua muda, sikatai. Wiki mbili za mwanzo ananichelewesha. Kuanzia ya nne ananipunguzia kazi.

Semina za ujasiriamali na za kuandika CV zina faida yake ndogo, nawaachia wanaozipenda. Watoto wa kidato cha nne wanaomaliza mtihani Novemba na kukaa nyumbani hadi kidato cha tano kifunguliwe Julai, wazazi wenzangu, wapelekeni dukani, gereji, shambani, popote mnapofanya kazi wenyewe, waone siku ya kazi inavyokwenda.

Jambo jingine linalonifanya niandike leo badala ya kunung'unika nyumbani: Januari 2024 mkondo wa amali ulianza kidato cha kwanza kwenye baadhi ya shule, chini ya mtaala mpya. Watoto wale watafika kidato cha nne mwaka 2027. Wanasoma ufundi, kilimo, ushonaji, umeme. Nimeufurahia mtaala huo na ninautakia mema kwa moyo wote. Ila watoto hao watahitaji karakana, mashamba na viwanda vya kuwapokea, wengi zaidi ya hawa tunaowapokea sasa, na wadogo zaidi kwa umri. Kama wa chuo tunamweka kwenye fotokopi, wa miaka kumi na saba tutamweka wapi?

Serikali inaweza kufanya jambo moja ambalo waajiri wataliitikia upesi: anayefundisha kweli, na ushahidi ukawepo, arudishiwe sehemu ya SDL yake. Ushahidi uwe kazi aliyoifanya mwanafunzi, siyo muhuri. Chuo kikague logibuku, na ikiwa wiki tano mfululizo zimeandikwa mafaili, ofisi hiyo isipelekewe mwanafunzi mwingine mpaka ijieleze.

Lakini hilo linahitaji sheria na bajeti, na barua za utambulisho za msimu huu zitaanza kufika Julai. Basi wewe mwenye idara, barua ikifika mezani kwako, kabla hujaandika "apokelewe" andika kwanza jina la mtu mmoja atakayemfundisha, na kazi tatu atakazoondoka anazijua. Jina likikosekana, mkatalie siku hiyo hiyo, kwa upole, ili apate muda wa kutafuta pengine.