Mita inasema baridi, kanga inaungua

Jamani mi katika maisha haya nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Namba. Namba ambayo kitu kikipata moto inapanda, kikipoa inashuka, basi. Siombi kiwanja Kigamboni, siombi gari. Na hiyo namba yenyewe imenishinda, maana leo asubuhi saa mbili kasoro nimechoma kanga ya mama mwenye nyumba huku mita iko mbele ya macho yangu inaniambia sifuri.

Pikipiki yangu mnaijua, ile Boxer niliyoitoa injini nikaweka tabo ya lori. Kwa wageni, haraka haraka: tabo inavuta hewa, inaisukuma kwenye chemba ya stenlesi niliyochomelea mwenyewe, mle ndani kuna moto wa mafuta ya taa, moto unatoka unazungusha feni, feni inazungusha kompresa, kompresa inavuta hewa nyingine, mambo yanajilisha yenyewe kama kikoba. Mwezi wa kumi na moja sasa naihangaikia. Na kabla hujauliza, haijatembea. Imesukumwa tu, mara nyingi.

Vijana wa kijiweni wananiita rubani. Shemeji yangu kila wiki ananitumia video ya ile pikipiki ya Wamarekani, MTT Y2K, anaandika chini "mwenzio huyu". Mwenzangu wapi? Ile ina injini ya helikopta, nguvu za farasi 320, imekuja na geji zake zote kutoka kiwandani, na bado Jay Leno, yule mchekeshaji wa TV wa Marekani, anayo na amesimulia mwenyewe jinsi ilivyoyeyusha bampa ya gari la nyuma yake. Yeye akiyeyusha bampa watu wanacheka. Mi nimegusa kanga naitiwa mjumbe.

Joto la eksozi ndo uhai wa hii mashine, yaani ni kama presha kwa mtu mzima. Ile feni inazunguka makumi elfu kwa dakika ikiwa imekaa kwenye moto, ukizidisha inavutika kidogo kidogo mpaka inagusa nyumba yake, na ikigusa hapo hakuna fundi, kuna fagio tu la kukusanyia vipande. Mi nimejiwekea nyuzi 650, ikizidi nafunga mafuta. Nikanunua themokapo, ule waya wenye ncha ya chuma unaochomekwa kwenye bomba, na mita ya kusomea nikaitoa kwenye oveni mbovu ya mikate, elfu kumi na tano. Nzuri tu. Kasoro yake moja, muda wote inadhani inaoka.

Jana nimempa fundi redio wa pale kona anifungie, maana mi umeme siuamini. Leo naamka, nafungulia bloa, cheche zinapiga, naachia gesi kidogo, nasikia "vuup", mita inasoma 31. Naingiza mafuta ya taa. Mita 19. Nikasema aah, haijashika. Naongeza. Mita 4. Naongeza. Sifuri, kisha ikaja alama ya kutoa. Yaani injini yangu imekuwa friji. Nikaongeza tena, mjinga mimi, halafu ndo nikainua macho nikakuta bomba zima jekundu kama kaa la jiko, na ulimi wa moto wa mita nzima umeelekea kwenye kamba ya nguo.

Nafunga mafuta, haizimi! Inazidi kupanda mlio! Kumbe yale niliyokuwa naongeza yalikuwa yametuama chini ya chemba yanajiwakia yenyewe. Na hili sio ushamba wangu, Frank Whittle aliyebuni injini ya ndege ya jeti yalimkuta hayahaya Aprili 1937 kule Rugby, Uingereza, siku ya kwanza kabisa, kafunga mafuta injini inazidi tu kupanda, wenzake wakatoka nduki. Yeye alibaki pale pale. Mi nilikuwa nyuma ya tenki la maji na sioni aibu.

Ilipozima, mama mwenye nyumba akatoka. Ni mtu mzima, huwa namwamkia hata akiwa ananifukuza, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia. Akachukua kanga kwenye kamba akaikunjua mbele yangu. Ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Moto ulikuwa umekula upande mmoja, imebaki HANA SABABU. Akanisogezea yale maandishi usoni, akanionyesha kwa kidole neno moja moja, akaingia ndani.

Sasa nikaenda kwa fundi redio. Nimejipanga, nimevaa shati, maana ni mzee yule, huwezi kumwendea na singlendi ukamwambia amekosea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba bwana mdogo. Imewaka?"

"Imewaka sana. Fundi, zile waya zimegeuka."

Akavua miwani. Alikuwa na redio ya mtu imefunguliwa tumbo hapo mezani, akaiweka pembeni taratibu kama daktari anayesogeza mgonjwa asisikie.

"Zimegeuka au zimegeuzwa?"

"Mwekundu umeuweka chanya."

"Ulitaka niuweke wapi? Kaburini?"

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba hii themokapo ni ya mtindo wa Kimarekani, waya wa njano ndo chanya, mwekundu ndo hasi. Akaninyamazia. Akamwangalia kijana wake anayejifunza kazi, yule kijana akaangalia chini. Akaniuliza, kwa nini? Sasa hapo ndo nilipokwama, kwa sababu hata mi sijui Wamarekani waliwaza nini, mwekundu ni chanya kwenye betri, kwenye spika, dunia nzima, wao wamekaa wakasema hapana, kwenye joto tugeuze. Nikajaribu kuokoa hali nikasema, fundi, mbona wa Ulaya wana rangi zao, kijani chanya na mweupe hasi.

"Unaona? Wenyewe hawaelewani. Mi nimfuate nani?"

Nikakosa jibu.

"Haya," akasema, "betri yake iko wapi?"

"Haina betri."

"Transfoma?"

"Haina."

"Umeme wa kupandisha mita unatoka wapi?"

"Unatoka kwenye waya wenyewe fundi. Ni metali mbili tofauti zimeunganishwa ncha. Ukipasha moto ile ncha, huku kwingine kukiwa kwa baridi, umeme unajitoa."

Akanyanyuka kidogo akachungulia barabarani kama nimekuja na mtu. Nadhani alihisi nataka kumuuzia kitu, wale wa hela zinazojizaa. Akaniambia lete. Nikampa themokapo, akaikaba kwenye mita yake ya umeme, akaweka kwenye milivolti, akamwambia kijana washa mshumaa. Tukainama wote watatu, vichwa vimegusana. Ikasoma 3. Ikaja 9. Ikaja 16. Mshumaa na waya mbili, hakuna kingine pale mezani. Kijana akasema "Mungu mkubwa", fundi akamwambia kafagie nje.

Akakaa kimya muda mrefu sana. Nikajua sasa amekubali, ataniomba radhi.

"Kwa hiyo hii ukiiweka kwenye jiko la mama ntilie inachaji simu."

"Fundi, hiyo ni milivolti. Mpaka upate volti tano za simu unahitaji kama mia na themanini, zote ncha zake ziwe kwenye moto wa 700, halafu..."

"Mia na themanini sio nyingi."

"Fundi."

"Mama ntilie mmoja ana mafiga matatu. Sitini sitini."

Nusu saa! Nusu saa nimesimama pale tunahesabu mafiga, amechukua boksi la sigara anaandika, kanipangia hadi asilimia yangu, mi kumi yeye tisini kwa sababu banda ni lake. Mpaka nikamkumbusha kuhusu kanga ndo akakubali kugeuza waya. Na alivyogeuza sasa! Kachukua tepu nyeusi kauzungushia ule waya mwekundu wote mpaka mwisho, usionekane hata kidogo, akasema hataki mtu apite aone mwekundu kwenye hasi akajua ni yeye kafunga. Tepu kanilipisha mimi.

Nikarudi, nikawasha, safari hii nimeelekezea ukutani. Mita ikapanda! Wallahi nilitaka kulia. 80, 150, 220, hapo ikapiga alamu, piii, mtoto wa jirani akapiga kelele "mkate umeiva!", nikamwacha, ikaendelea 400, 500, ikatulia 540. Salama kabisa. Nikatazama bomba. Jekundu! Mchana kweupe bomba jekundu, na mita inasema 540. Chuma ukikiona chekundu juani hivi hicho kimeshapita huko zamani sana, nikazima.

Nikafuatilia waya polepole kwa mkono. Kumbe mzee jana aliona mfupi, akaunga na waya wa spika. Kopa ya kawaida! Na ile jointi kaifunga pale pale ubavuni mwa chemba. Themokapo inapima tofauti tu, kati ya ncha na pale waya wake unapoishia. Sasa mita inajua baridi ya pale ilipo yenyewe, 30, haijui kwamba ile jointi iko 150, kwa hiyo zile 120 zinapotea katikati kama chenji ya daladala. Jumlisha mwenyewe. 660. Nimeshapita mpaka wangu mwenyewe na mita inanipongeza.

Hapo nilikaa chini ya mwembe, na sio utani tena, nilichoka kweli. Nina mafuta ya taa lita mbili yamebaki, na mafuta ya taa ya sasa sio yale ya zamani, tangu walipopandisha kodi 2011 ili watu waache kuchakachua dizeli hiyo ni bidhaa ya watu wenye uwezo. Na namba zenyewe zote za maisha yangu ziko hivyo hivyo. Umeme wa elfu tano naununua Jumapili, Jumanne unalia. Spidi ya daladala inasoma sifuri tukiwa tunapaa barabara ya Nelson Mandela. Mita ya maji ndo usiseme, bombani hakuna tone wiki ya pili, ikija hewa inazunguka yenyewe vruuu, bili inakuja. Yaani kwenye ule uwanja mzima tabo inayofanya kazi vizuri ni mita ya maji.

Jioni nikaenda Kariakoo kutafuta kanga. Hasidi Hana Sababu hawana, imeisha. Na kuuza kipande kimoja hawauzi, ni doti, nichukue viwili, wakati mi nimechoma kimoja na hicho chenyewe hakijaisha chote. Dada wa duka akaanza kunitandazia nyingine moja moja, anasoma majina kwa sauti, wateja wamenizunguka. Japo Sipati Tamaa Sikati. Akaniangalia. Sio hiyo dada, lete nyingine. Akafunua ya pili, Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Nikamwambia hapana, hiyo mama atadhani nahama. Akauliza kwani umemkosea nini, nikasema ni mambo ya waya, akasema aah, simu, nikasema sio simu, na mpaka sasa hivi nimekaa hapa kwenye kibenchi chao nasubiri kijana aliyepanda stoo juu kuangalia kama imebaki hata moja ya zamani.