Sio kuokota chupa tu

Jamani hii habari ya bustani za umma kutafuta watu wa kujitolea imenigusa, maana mi nafanya hiyo kazi kila Jumamosi mwaka wa pili sasa. Mwandishi kaandika kama vile ni kuokota chupa tu, wapi! Siku ya kwanza nilirundika matandazo, yale majani makavu na vipande vya miti vya kufunika udongo, mpaka yakafunika shina la mti nikajiona fundi kweli, mama mmoja mzoefu akaja kuyasogeza kwa mkono akaniambia mwanangu yakigusa gome linabaki na unyevu linaoza, acha nafasi kama kiganja hivi. Na vile vichungi vya sigara msidhani ni karatasi, plastiki ile, haiozi leo wala kesho. Ila muda mwingi unaenda kwa wageni: choo kiko wapi, mtoto kapotea, bibi anataka benchi lenye kivuli. Bustani ya Central Park kule New York ilikuwa hoi miaka ya 1970, wananchi wakaanzisha shirika la kuitunza 1980 na mpaka leo watu wanajitolea. Wasimamizi nao basi watuletee glovu za saizi zote bana, hizi za kubana nikivua vidole vimevimba 😅