Kibanio kilichopita njia ya kuku

Mashine yenyewe ni Myford ML7, mashine ndogo ya kukereza vyuma, Mwingereza halisi aliyezaliwa Beeston, karibu na Nottingham. Niliinunua kwa bei ya chuma chakavu, haina mota, kutu imeipanda hadi masikioni. Nikaiingiza kwenye banda langu la mabati hapa Tanga, tukakaa pamoja miezi mitatu: mimi, yeye, mafuta ya taa, msasa na maneno ya mke wangu.

Mota nikapata ya fezi moja, iliyokuwa inaendesha pampu ya maji. Siku ya kuiwasha nikamwita baba mkwe. Mzee amestaafu karakana ya reli, maisha yake yote ni mkerezaji. Mimi kazi hii nimejifunzia intaneti. Mwenye akili angemwita aje kumkagulia. Mimi nilimwita aje kushangaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akakaa juu ya ndoo, bakora katikati ya magoti, akaikodolea macho mota.

"Mwanangu, hii inazunguka upande gani?"

"Upande wa mbele, baba."

"Umeiona ikizunguka?"

"Baba, wewe tulia tu."

Sikuwa nimeiona. Mota ya fezi moja inafuata jinsi ulivyounga ncha za koili yake ya kuanzia: ukizigeuza, nayo inageuka. Mimi niliunga nyekundu kwa nyekundu kwa sababu zilipendezana.

Sasa, kibanio cha mashine hii, kile kichwa chenye taya tatu kinachokamata chuma, kinafungwa kwenye shafti kwa hesi tu. Inchi moja na nusu robo unene, hesi 12 kwa kila inchi, basi. Shafti ikienda mbele, kibanio kinazidi kukaza. Ikirudi nyuma, kinafunguka kama kifuniko cha chupa. Baba mkwe alikuwa analijua hilo kabla sijazaliwa. Akafungua kinywa tena. Nikabonyeza swichi.

Nilipata sekunde moja nzuri sana. Mkanda ukashika, shafti ikaimba. Kisha nikaona kibanio kinaniaga. Kinasogea nje, hesi nyuma yake zinameremeta kwa mafuta niliyopaka kwa mkono wangu mwenyewe ili kiingie kwa ulaini. Kikatoka kwa ulaini huo huo.

Kilo tano za chuma zikagonga kitanda cha mashine, ngwaa! Kikarukia upande wa pili, kikatua sakafuni bado kinazunguka, kikashika njia. Bahati yangu kilikuwa kinazunguka kinyume, hivyo kikakimbia mbali nami. Kingezunguka inavyotakiwa kingenijia miguuni. (Ingawa kingezunguka inavyotakiwa kisingetoka kabisa. Hesabu hiyo niliipiga usiku, kitandani.)

Nyuma ya banda kuna uzio, na chini ya uzio kuna pengo wanamopita kuku wa jirani kuja kula kwangu. Kibanio kikapita humo humo.

Kimya. Halafu kuku. Halafu, "Uwiii! Nani huyo ananirushia mabomu?"

Nikachungulia. Jirani yangu anauza maandazi ya jioni, na beseni lake la unga lilikuwa chini, limefunikwa kanga, unga unaumuka. Sasa beseni limelala kifudifudi, unga umemwagika juu ya kibanio, umekivaa kama shuka, taya moja tu inachungulia. Jogoo kasimama pembeni anakiangalia kwa heshima.

Baba mkwe alikuja nyuma yangu, akavua kofia. "Mama, tuwie radhi. Huyu ni mkwe wangu. Mimi sikumchagua."

Nililipa unga, sukari, hamira, iliki na usumbufu. Usumbufu ulikuwa ghali kuliko unga.

Jioni nzima tulisafisha kibanio kwa mswaki na mafuta ya taa. Unga wa maandazi ukiingia kwenye meno ya sahani inayosukuma taya, unakuwa gundi. Nikarudisha taya haraka haraka, nikakamata chuma kilichonyooka, nikazungusha kwa mkono: kinayumba kama mlevi wa sikukuu. Mzee hata hakuinuka kwenye ndoo.

"Namba ulizisoma?"

Kila taya imegongwa namba, na zinaingia kwa zamu: moja, mbili, tatu. Mimi nilianza na tatu.

"Nilidhani ni namba za kiwandani, baba."

"Ni za kiwandani. Waliziandika kwa ajili yako."

Ncha za koili nikazigeuza, taya nikazipanga, na mashine sasa inakereza vizuri, ila ikipata moto banda linanukia iliki. Na kila nikigusa swichi, kabla mkanda haujashika, sauti inatoka ng'ambo ya mabati:

"Fundi! Leo inaenda mbele, au nitoe beseni?"